Magunia Arobaini na Mawili

Jumanne, 7 Novemba 1995

Boksi limefika! Wiki sita kutoka Uingereza. Zito kama jiwe la kusagia. Nimelibeba mwenyewe kutoka getini hadi ofisini, sikutaka mtu aliguse. Mzee Mulei wa stoo aliniona nikipita akauliza kama ni keki ya harusi.

Ndani: disketi saba. Vitabu viwili, kimoja kina kurasa mia sita. Na kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, cha kuchomeka nyuma ya kompyuta pale panapoingia waya wa printa. Bila hicho kidude haifunguki. Ndivyo wanavyozuia watu kunakili.

Inaitwa Larkspur. Ni jina la ua, nimeangalia kwenye kamusi. Ni programu ya kutengenezea programu. Nimemsumbua Madam Gathoni, meneja wetu, tangu Machi ndipo akakubali kuinunua. Yeye anataka kitu kimoja tu: kila gunia la chakula cha mifugo linalotoka hapa kiwandani lijulikane limetengenezwa siku gani na limeenda kwa nani. Kwa sasa hayo yote yako kwenye vitabu vyeusi vya Mzee Mulei. Na kichwani mwake.

Ameniambia, Nadira, nimekuamini, usiniaibishe kwa wenye kiwanda.

Sijafungua disketi hata moja leo. Nimesoma kitabu tu. Kurasa themanini.


Jumatano, 15 Novemba 1995

Siku nane. Nimeshachora fomu ya kuingizia magunia — nasema kuchora, maana ndivyo ilivyo. Unavuta kisanduku, unakiweka unapotaka, unakiambia wewe ni tarehe. Kinakuwa tarehe! Mtu akiandika tarehe thelathini na moja Juni kinakataa chenyewe. Mimi sijaandika mstari hata mmoja wa kukataa.

Pale chuoni tulikuwa na kifaa kingine cha kutengenezea programu, cha kunakili-nakili, kimepita mikono mia. Ukikosea kinakuambia Error 61. Basi. Sitini na moja ni nini? Muulize Mungu. Hiki kinasimama kwenye mstari wenyewe uliokosea, kinaupaka rangi, kinakueleza kwa Kiingereza cha adabu kwamba pengine ulisahau kufunga mabano. Pengine! Kinajua kunisahihisha bila kunidharau. Sijapata mwalimu wa hivyo.

Na kitabu. Mifano yote ni ya mwanamke mmoja mwenye duka la maua, Bi Pym. Bi Pym anataka kujua nani alinunua waridi. Mimi nafuta waridi naweka chakula cha vifaranga. Aliyekiandika hiki kitabu ni mtu aliyewahi kukaa peke yake na mashine bila wa kumuuliza. Nalijua hilo kwa jinsi anavyojibu swali kabla sijaliuliza.

Ubaya: kidude. Printa ikichomekwa juu yake inatapika alama za ajabu, karatasi nzima. Inabidi nihifadhi orodha kwenye disketi, nizime kila kitu, nichomoe kidude, ndiyo nichapishe. Kila mara. Kuna namba ya simu ya msaada. Ni ya Uingereza. Madam aliniruhusu dakika tano. Dakika nne na nusu zilikuwa muziki.


Ijumaa, 8 Desemba 1995

Mama ameniuliza hasa ninafanya nini huko Eneo la Viwanda, maana jirani zetu hapa Majengo wanadhani mimi ni karani wa kupiga taipu. Nikamwambia: mtu mwingine alitengeneza cherehani, mimi nashona kwayo nguo. Akafikiri. Akasema basi mshukuru aliyetengeneza cherehani, wewe Kulthum-mdogo, maana mimi nilianza na sindano ya mkono. Huniita hivyo kwa jina lake akifurahi.

Mzee Mulei hafurahi. Nimekaa naye siku tatu nikimuuliza kazi yake inavyokwenda. Ananijibu kila kitu, kwa utaratibu, hakuna anachoficha. Miaka kumi na minane stoo. Lakini leo alisema, kwa sauti ya chini tu, kwamba kitabu chake hakihitaji stima.


Jumatatu, 8 Januari 1996

Tumeanza. Gunia la kwanza limeingia saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kila gunia lina kikaratasi kilichoshonewa mdomoni, kina namba. Likitoka, msichana wa dirishani, pale wanunuzi wanapotia sahihi, anaandika namba na mnunuzi kwenye kompyuta. Basi.

Madam Gathoni alisimama nyuma yangu. Akaniambia nitafute magunia yote ya leo yaliyokwenda Ruiru. Nikabonyeza. Sekunde tatu. Alinigusa bega.

Ile ya kutafuta sikuiandika mimi. Imo tayari ndani ya Larkspur, unaiita kwa jina unaiambia unataka nini. Kuna watu huko walikaa wakaiandika vizuri ili mimi Thika nisiandike. Nafikiria hilo mara nyingi.


Alhamisi, 1 Februari 1996

Ramadhani ya kumi na moja hivi. Njaa sio mbaya, kiu ndiyo. Stima ilipotea mara mbili leo. Iliporudi, kila gunia lilikuwa mahali pake. Larkspur huandika pembeni kwanza kabla ya kuandika kwenye faili yenyewe, hivyo ikikatizwa inajua ilipoachia. Ukurasa wa 411. Nimeusoma mara tatu kwa raha tu.

Mzee Mulei bado anaandika kitabu chake pia. Madam amemwambia aache, ni kazi mara mbili.


Jumanne, 21 Mei 1996

Madam amevichukua vitabu vyeusi vyote, vimefungiwa ghala la juu. Mzee hakubisha. Nilimwona akifuta meza pale vilipokuwa vinakaa.


Jumatatu, 30 Septemba 1996

Siku ndefu. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi mfugaji mmoja wa Gatuanyaga alikuja getini na karai. Ndani yake vifaranga kumi na wanane, wamekufa. Alisema wanakunywa maji kama wamelogwa kisha wanaanguka. Janice wa maabara alichukua chakula kilichobaki kwenye gunia lake. Saa nne akatoka na karatasi mkononi, uso umembadilika. Chumvi. Mara tatu ya inayotakiwa. Ni chakula cha vifaranga cha Jumatano iliyopita, tarehe 25. Mtu kwenye mashine ya kuchanganya alimwaga chumvi kwa kipimo cha chakula cha ng'ombe. Magunia 160.

Janice alisema kuku mkubwa anaweza kuvumilia. Kifaranga wa wiki moja, siku mbili tu.

Madam akageuka kwangu. Hakuna mwingine wa kugeukia. Nikaketi, nikaandika tarehe, nikabonyeza.

Dakika nne mpaka karatasi ikiwa mkononi, pamoja na kuchomoa kidude. Magunia 97 yametoka. Majina, mahali, siku. Pickup mbili zikaondoka kabla ya saa sita. Janice alisema zamani ingechukua siku mbili kupekua vitabu. Niliona fahari, siwezi kukana. Nilitamani yule aliyeandika ukurasa wa 411 angeniona.

97 yametoka, kwa hivyo 63 yawe stoo. Mzee Mulei akaenda kuyatenga.

Akarudi. Yapo 21.

Akahesabu tena mbele ya Madam. 21.


Jumanne, 1 Oktoba 1996

Magunia 42 hayajulikani yaliko. Madam amekaa na walinzi asubuhi nzima. Hakuna kufuli lililovunjwa. Funguo ziko kwa mtu mmoja.

Saa nane alimwita Mzee Mulei ofisini, akaniita na mimi nikiwa na orodha. Alimuuliza mara moja tu. Mzee akasema hakuna gunia lililotoka stoo bila kupita dirishani. Madam akasema kwamba dirishani ndiko kwenye kompyuta, na kompyuta haina sababu ya kudanganya. Kisha akaniangalia. Aliniuliza kama nina uhakika.

Nilisema ndiyo.

Si kwamba niliitikia kwa kichwa. Nilisema kwa mdomo. Nikaongeza kwamba imefanya kazi miezi tisa bila kosa.

Mzee alitoa funguo mfukoni, akaziweka mezani moja moja. Zilikuwa saba. Hakuniangalia. Alisema tu kwamba kesho atakuja kuchukua koti lake na chupa ya chai.

Mama ameniuliza mbona sili. Nikasema kichwa.

Pickup zimerudisha magunia 71 kati ya 97. Mengine yalikuwa yameshafunguliwa, lakini wenyewe wameambiwa. Theta, Juja, Gatuanyaga. Wengi tumewafikia kwa wakati.


Jumatano, 2 Oktoba 1996

Mzee alikuja saa tatu kuchukua koti. Alipita mlangoni kwangu, akasimama. Nilidhani atanitukana. Ningefurahi angenitukana.

Badala yake akaniomba nimwonyeshe orodha. Akavaa miwani. Akapitisha kidole polepole kwa kila jina, orodha yote, kisha akakirudisha juu akaanza tena. Halafu akasema:

"Njambi wa Mugutha hayumo."

Nikamuuliza Njambi gani.

"Ijumaa alichukua magunia manne. Nilimpakilia mimi mwenyewe kwenye mkokoteni wa punda, punda alikuwa anachechemea mguu wa nyuma. Alipita dirishani. Nilimwona akitia sahihi."

Nilitaka kumwambia pengine alichukua ya siku nyingine. Kitu kikanizuia. Nikafungua faili yenyewe, si kwa kutafuta, kwa kushuka tu na kidole hadi chini kabisa, Ijumaa. Njambi, Mugutha. Magunia manne. Mchanganyiko wa tarehe 25.

Alikuwemo. Alikuwemo siku zote. Lakini ukiitafuta ile tarehe, hatoki.

Mzee alivuta kiti bila kukaribishwa. Nikamwambia ngoja.

Nikafanya kile ambacho sijawahi kukihitaji tangu tuanze. Larkspur ina namna ya kuendesha programu hatua moja moja, polepole, huku kando inakuonyesha kila namba iliyo kichwani mwake wakati huo. Hata ndani ya sehemu zao wenyewe inakuruhusu kuchungulia. Nikaiambia ikimbie mpaka karibu na mwisho kisha isimame. Ikasimama. Gunia la 32,765. Nikabonyeza. 32,766. Nikabonyeza. 32,767. Nikabonyeza.

Kutoa 32,768.

Imegeuka kuwa hasi! Ile namba yao ya kuhesabia imejaa, kama kibaba, na iliyozidi ikamwagika upande wa pili. Ikaona hasi, ikadhani faili imeisha, ikatulia. Kwa heshima zote, bila kosa, bila rangi, bila "pengine". Tumepita gunia la 32,767 Ijumaa iliyopita, saa nne na robo asubuhi. Kila gunia lililotoka baada ya hapo, Larkspur inalijua lakini haikuambii.

Si kosa langu. Hilo ndilo wazo langu la kwanza, niliandike hapa kwa aibu. La pili ndilo lilikuwa Mzee.

Kifaa kilichonidanganya ndicho hichohicho kilichonionyesha, mstari kwa mstari, mahali kilipodanganya. Kile cha chuo kisingenionyesha kamwe. Ningekuwa bado naapa kwamba haikosei.

Nikaandika kutafuta kwangu mwenyewe. Mistari kumi na tisa, haitumii ya kwao hata kidogo. Ya mkono, kama sindano ya Mama. Ikatoka: magunia 139. Yameongezeka 42. Wanunuzi kumi na saba.

Nikamgeukia Mzee. Akasoma namba kwenye skrini. Akatoa miwani akaifuta na ncha ya shati.

Nilienda naye kwa Madam. Nilisema yote mimi, nikiwa nimesimama. Kwamba magunia hayakuibwa. Kwamba nilisema ndiyo bila kukagua. Madam alifungua droo, akatoa funguo, akazunguka meza hadi alipokuwa Mzee. Alimwomba msamaha kwa Kikuyu, sikuelewa maneno yote, kisha kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. Mzee alizipokea. Akasema wafugaji kwanza, haya mengine baadaye.

Simu kwa wenye simu. Absalom, mwenye duka la agrovet, la dawa na vyakula vya mifugo, kule Ruiru, amepatikana, ana magunia sita, ameahidi kuyaweka kando. Njambi hana simu, pickup imekwenda kwake saa hiyohiyo: alikuwa hajafungua hata moja, vifaranga wake wanafika wiki ijayo. Alhamdulillahi. Waliobaki tunaanza kesho asubuhi. Mzee amesema nitakwenda naye. Hakuuliza kama nataka.


Alhamisi, 3 Oktoba 1996

Theta.

Nyumba mpya mpya, mabati bado yanang'aa, na mashamba katikati. Mahali pa tatu ni kwa mwanamke anaitwa Wangeci. Magunia matatu, Jumamosi. Tulipofika alikuwa ameketi nje ya banda kwenye kiti kidogo, mikono imelala mapajani. Hakusimama. Alijua gari ni la nani, limeandikwa ubavuni.

Alikuwa na vifaranga mia tatu. Wamebaki thelathini na wanane. Shimo alikuwa ameshalichimba, udongo bado mbichi.

Mzee alimpa pole. Alimweleza mambo ya chumvi, kwamba ni kosa la kiwanda si lake, kwamba kiwanda kitamletea vifaranga wengine. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaonyesha nyumba ya pili, yenye geti la bluu.

"Huyo jirani yangu mlimfikia Jumanne asubuhi," alisema. "Mlichukua gunia lake. Mimi nilikuwa hapa hapa nafua, nikawapungia mkono. Gunia langu nililifungua jioni hiyo."

Gari letu lilipita mlangoni kwake. Yeye hakuwa kwenye karatasi.

Ingekuwa rahisi kusema mashine. Nilitaka kusema mashine. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika ile orodha, na ilikuwa pungufu, na sikuihakiki. Aliniangalia. Kisha akaniuliza kama nimeolewa. Nikasema bado. Akasema ukiwa na watoto utajua kuhesabu mara mbili.

Alitupa chai. Niliinywa. Sijui jinsi ya kuandika hilo. Alitupa chai.

Tumewafikia kumi leo. Wawili wamepoteza vifaranga, mmoja kidogo. Wengine salama. Njiani kurudi Mzee aliongea kuhusu mahindi na ukame wa Yatta, kwa makusudi, ili nisiwaze.


Ijumaa, 4 Oktoba 1996

Jana asubuhi kabla ya kutoka nilikuwa nimetuma faksi Uingereza. Ukurasa mmoja. Nimeeleza kila kitu: namba, mstari, jinsi ya kulitokeza kosa upya. Nilikuwa na hasira lakini niliandika kwa adabu, kama wao.

Jibu limekuja leo saa tano. Nusu saa nilikuwa nimesimama tu pale kwenye mashine ya faksi nikilingoja.

Wananishukuru. Wanasema maelezo yangu ni bora kuliko mengi wanayopata. Wanalijua kosa hilo tangu mwaka jana. Limerekebishwa katika toleo jipya, ambalo wateja wa zamani wanaweza kulinunua kwa nusu bei. Na kwa wateja wa toleo letu, tahadhari iko kwenye disketi ya saba, katika faili la maelezo ya mwisho.

Nikaenda kwenye kabati. Disketi ya saba. Nikaifungua. Kurasa nne. Ukurasa wa tatu, aya ya pili kutoka chini: utafutaji wa kawaida usitumike kwa rekodi zaidi ya 32,767, tumia njia ifuatayo. Na njia yenyewe wameiandika. Mistari kumi na miwili. Mizuri kuliko yangu.

Nimesoma kurasa mia sita. Ukurasa wa 411 mara tatu. Hili faili la kurasa nne sikulifungua kwa sababu halikuwa kitabu.

Nilikaa nayo kama saa nzima. Hakuna mtu kiwandani anayejua kuisoma disketi hiyo isipokuwa mimi. Madam tayari anawalaumu Waingereza, amesema mbele ya wenye kiwanda kwamba tuliuziwa kitu kibovu. Ningenyamaza lingeishia hapo. Nikamfikiria Wangeci na mikono yake mapajani.

Nilimpelekea Madam faksi na kurasa nne zote, nimezichapisha. Nikamwonyesha aya. Alisoma. Akaniuliza kwa nini ninamletea. Nikasema kwa sababu ni kweli. Akasema wenye kiwanda watauliza kama bado ninafaa. Nikasema najua. Akasema atafikiri hadi Jumatatu.

Halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea: kama hili jipya la nusu bei ni zuri.

Nikasema ni zuri. Nilijisikia mpumbavu lakini ndiyo kweli. Hawa watu wangeweza kulificha kosa, wakaliandika. Waliandika mahali pa kijinga, disketi ya mwisho, kwa herufi ndogo, na hela wanataka juu yake. Lakini waliandika, na dawa wakaiweka hapohapo. Na walinijengea dirisha la kuchungulia ndani ya kazi yao wenyewe. Mimi programu yangu haina dirisha la hivyo. Mzee Mulei angechungulia wapi?

Hilo nitalitengeneza. Nikibaki au nisibaki. Ukurasa mmoja tu kila jioni: yaliyotengenezwa, yaliyotoka, yaliyobaki, na nafasi ya mtu wa stoo kuandika kwa mkono alichohesabu yeye. Hesabu zisipolingana, programu isikubali kufunga siku.

Nimemwambia Mzee. Akasema hicho ni kitabu cheusi. Nikasema ndiyo. Akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Madam ameshavitoa vile vitabu ghalani, viko mezani kwa Mzee tangu mchana.

Tumewafikia wote sasa isipokuwa Absalom. Yeye ameyaweka kando, kesho ni kuchukua tu.


Jumamosi, 5 Oktoba 1996

Naandikia kwenye ngazi ya duka la Absalom, Ruiru. Saa tano na nusu asubuhi. Jua kali.

Sio kuchukua tu.

Yapo manne. Alinunua sita. Mawili aliyafungua Jumamosi iliyopita akauza kwa kupima, kilo kilo, maana wengi hapa hawanunui gunia. Mama mwenye vifaranga ishirini nyuma ya nyumba atafanyia nini kilo sabini? Tulipompigia simu Jumatano yalikuwa yameshaisha. Hakutuambia. Aliogopa. Ni mtu mzima, ana mvi, na anasema aliogopa, nami siwezi kumcheka.

Kilo mia na arobaini. Mbili mbili, tatu tatu. Watu hamsini, labda sitini. Hakuandika jina hata moja. Na mimi sikuwahi kuweka nafasi ya hilo kwenye fomu. Gunia likifika dukani, kwangu limefika. Nilichora kisanduku cha mwisho hapo.

Mzee Mulei amechukua kiti ndani na anamkumbusha taratibu. Hamharakishi. Siku gani kulinyesha? Nani alikuja kabla ya mvua? Alikuwa na nini mkononi? Kila anayekumbukwa naandika kwa penseli, nyuma ya ile orodha yangu ya kompyuta:

Mwalimu Idah, karibu na reli. Kilo 3.
Kijana wa kibanda cha baiskeli, alitumwa na shangazi. 2.
Mwau, mlinzi wa shamba la kahawa. 5.
Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, wa upande wa Mugutha, jina hajui. 2.
Wale dada wawili wanaofanana. 4.

Tumefika ishirini na sita. Mlinzi Mwau tumeshampata, yuko salama, alikuwa na kuku wakubwa. Padre amekubali kutangaza kesho, na imamu wa hapa ananijua, ni rafiki ya marehemu baba, ametangaza kabisa kwa kipaza sauti sasa hivi bila kungoja adhuhuri. Niliisikia sauti yake ikipita juu ya mabati: chakula cha vifaranga, msiwape, rudisheni kwa Absalom. Watu wamesimama barabarani wakisikiliza.

Dereva amekwenda kumtafuta Mwalimu Idah. Mzee anaendelea. Ishirini na saba: mzee mmoja, hulipa kwa sarafu.

Mwanamke amekuja. Ana mtoto mgongoni na ndoo tupu. Amemsalimu Absalom, amesema anataka kilo mbili za kama ile ya juzi, imeisha. Inaonekana hajasikia tangazo. Absalom amenitazama mimi.

Nimemuuliza vifaranga wake wanaendeleaje.

Ameweka ndoo chini. Amesema wanakunywa maji tu, kutwa.